Mzinga Ndani ya Joho

Mwaka 1971 Gary Gygax wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, alitoa pamoja na mwenzake Jeff Perren kijitabu cha kanuni za kuchezea vita vya zama za kati mezani, kwa sanamu ndogo za askari. Kiliitwa Chainmail. Sehemu kubwa ya kijitabu ni mambo ya kawaida ya vita: wapiga mishale, wapanda farasi, ngome, mitambo ya kurusha mawe, mizinga ya kwanza ya baruti. Mwishoni, hata hivyo, kuna nyongeza ya mambo ya kubuni: majoka, majitu, na mchawi anayerusha mpira wa moto na radi. Kanuni ya silaha hizo mbili ni fupi, na inastaajabisha. Mpira wa moto unapiga eneo sawa na lile la jiwe la mtambo mkubwa wa kurushia mawe. Radi inapiga sawa na mzinga mzito wa uwanjani. Mchezaji anachukua rula, anapima inchi, anaangalia sanamu zipi zimeangukia ndani ya duara, anaziondoa mezani. Mbele ya rula hiyo mchawi na mzinga ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba mmoja amevaa joho.

Kijitabu hicho kinafaa kuwa mwanzo wa hoja, kwa kuwa swali lililowakabili waandishi wake bado linawasumbua wabunifu wa michezo ya mikakati: uchawi na teknolojia vikikaa meza moja, kinachovitenganisha ni nini? Jibu jepesi ni sura. Uchawi una mwanga, moshi na maneno yasiyoeleweka. Teknolojia ina magurudumu, mvuke na risasi. Historia ya michezo yenyewe inaonyesha kuwa jibu hilo halitoshi, na Kiswahili kinatusaidia kuona sababu, maana lugha hii haikuridhika na neno moja. Tuna mazingaombwe, yaani kiini macho cha kuwaburudisha watazamaji. Tuna uchawi, yaani kudhuru kwa siri. Halafu tuna uganga, na uganga hauji peke yake: dawa ya mganga ina masharti. Usile hiki, usipite pale, usigeuke nyuma, usimwambie mtu. Anayevunja sharti hana wa kumlaumu dawa isipofanya kazi. Ninachodai ni kwamba michezo ya mikakati ilianza kwa kutuletea mzinga uliopambwa kwa mazingaombwe, na kwamba mchanganyiko wa uchawi na teknolojia umeshika pale tu wabunifu walipoyagundua masharti.

Mchawi alizaliwa akiwa mzinga kwa sababu meza aliyozaliwa juu yake ilikuwa ya wanajeshi. Mwaka 1812 Baroni Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea mfalme wa Prussia meza ya mchezo wa vita yenye vipande vya ardhi vinavyoweza kupangwa upya: mto hapa, kilima pale, msitu, barabara, kijiji. Mwanawe akaiboresha kazi hiyo na kuchapisha kanuni zake mwaka 1824. Ramani ilikuwa ya kipimo cha 1:8000, kila zamu iliwakilisha dakika mbili za vita, hasara zilisomwa kwenye jedwali baada ya kurusha dadu, na mwamuzi alikaa katikati akiwapa makamanda taarifa zile tu ambazo wangezipata vitani. Mwana huyo alikuwa ofisa wa kikosi cha mizinga. Kazi yake ya kila siku ilikuwa umbali, pembe na uwezekano wa kupiga shabaha. Mchezo uliotoka mkononi mwake ulijifunza kuuliza kila kitu maswali ya mpiga mizinga: unafika wapi, unaenea kiasi gani, unaua wangapi kati ya mia. Mwingereza H. G. Wells alipoandika Little Wars mwaka 1913, alilifanya jambo hilo kuwa wazi zaidi: askari wake wa kuchezea waliangushwa na vizinga vidogo vya springi vilivyorusha vipande vya mti kweli. Hivyo mtu yeyote aliyetaka kumwingiza mchawi kwenye meza ya aina hiyo alikuta fomu imeshachapishwa, yenye nafasi ya umbali, nafasi ya eneo na nafasi ya madhara. Gygax alijaza fomu.

Miaka mitatu baadaye fomu ile ilipata ufa wa kwanza. Katika Dungeons & Dragons, mchezo ambao Gygax aliutoa na Dave Arneson mwaka 1974, mchawi hana ruhusa ya kurusha moto kadiri apendavyo. Kwanza lazima azisome na kuzihifadhi kichwani kanuni chache za uchawi, na akishaitumia moja inamfutika, mpaka aisome tena. Wazo hilo lilitoka kwenye hadithi za mwandishi Jack Vance, aliyechapisha The Dying Earth mwaka 1950. Wachezaji wengi wamelilalamikia tangu siku hizo: mtu gani msomi anayesahau alichokisoma asubuhi? Lakini mwenye kulalamika hivyo anapima kwa kipimo cha mzinga. Mzinga haumsahau mpigaji wake. Ukiwa na baruti na jiwe, unapiga. Na akifa mpigaji, mwingine anashika nafasi yake. Kwa kumfanya mchawi apoteze kile anachokitumia, kanuni ya 1974 iliufunga uwezo ndani ya mtu mmoja, kichwa kimoja, siku moja. Hilo ni sharti, ingawa bado changa. Asubuhi mchezaji analazimika kujiuliza mambo yatakayomkuta jioni, na akikosea hana duka la kununua marekebisho.

Wakati uchawi unajifunza kusahau, teknolojia ilikuwa inajifunza kutosahau kabisa. Mwaka 1980 Francis Tresham, mbunifu wa Uingereza, alitoa mchezo wa mezani ulioitwa Civilization, ambamo mataifa ya kale yananunua kadi za maarifa, na kadi uliyonayo inakupunguzia bei ya kadi nyingine zinazohusiana nayo. Mwaka 1991 Sid Meier na Bruce Shelley wa kampuni ya MicroProse walitoa mchezo wa kompyuta wenye jina hilohilo, na ndani yake ule mpango tunaouita mti wa teknolojia ukapata umbo lililoenea duniani. Alfabeti inazaa uandishi, ufuaji wa shaba unazaa mengine, mpaka ufike kwenye safari za anga. Tazama tabia za maarifa ndani ya mti huo. Ukishayapata, ni yako daima. Hayachakai, hayadai ibada, hayamchagui mwenyewe; ukibadilishana na jirani, yanafanya kazi kwake kama yalivyofanya kwako. Hakuna aliyewahi kupoteza gurudumu kwa kuvunja mwiko. Wanahistoria wanaweza kuubishia mti huu, kwa kuwa jamii nyingi zimewahi kupoteza ufundi wao, lakini kama kanuni ya mchezo ulikuwa na nguvu sana kiasi kwamba karibu kila mchezo wa himaya uliofuata uliuiga. Hapo hatari ikaongezeka maradufu kwa mchawi. Kwenye uwanja wa vita alikuwa mzinga. Sasa kwenye makao makuu angeweza kugeuka tawi jingine la mti, kituo kimoja kati ya baruti na reli.

Kuna njia ya tatu iliyokuwa inakuja kutoka vitabuni. Mwandishi wa Marekani Larry Niven, katika hadithi aliyoichapisha mwaka 1969, aliuelezea uchawi kama kitu kinacholiwa kutoka ardhini na kwisha. Akatumia neno mana, linalotoka visiwa vya Pasifiki, ambako lina maana pana zaidi ya nguvu na heshima itokayo kwa mizimu na wakubwa. Katika mikono ya Niven, na ya wabunifu waliomfuata, mana ikawa karibu sawa na mafuta ya taa: ipo kisimani, inachotwa, inapungua. Wachezaji wa leo wanalitamka neno hilo bila kufikiri, wakiona mstari wa buluu kwenye skrini unashuka na kupanda. Mana ilitatua tatizo la hesabu, kwa kuwa sasa uchawi una bei. Lakini bei yenyewe haitoshi kutenganisha uchawi na teknolojia, maana hata kifaru kinataka dizeli.

Mchezo ulioifikisha hesabu hiyo mbali zaidi kuliko mingine ya wakati wake ni Master of Magic wa mwaka 1994, uliobuniwa na Steve Barcia na kampuni yake ya Simtex, ukachapishwa na MicroProse. Watu waliufananisha mara moja na Civilization: miji, ramani, zamu, wapelelezi wa kwenda gizani. Ndani yake, hata hivyo, kuna uamuzi mmoja mkubwa unaostahili kutazamwa kwa karibu. Teknolojia inakaa mjini, katika watu. Uchawi unakaa katika mtu mmoja, yaani mchezaji mwenyewe. Vibete wana mzinga wa mvuke kwa sababu ni vibete, na wewe ukiuteka mji wao, utaweza kuujenga mzinga huo huko bila kujifunza chochote. Kwa upande wa uchawi kuna ukurasa wenye fimbo tatu. Nguvu inayotoka kwenye chemchemi zilizotapakaa nchini, na kwenye mahekalu ya miji yako, unaigawanya katika fimbo hizo: moja ya akiba ya mana, moja ya utafiti wa kanuni mpya, moja ya kuongeza ustadi wa kuroga. Ukiipandisha moja, nyingine zinashuka. Kila jini uliyemwita na kila kinga uliyoiweka juu ya mji inakula akiba yako kila zamu, hata kama umelala. Na ngome yako ikitekwa, miji yako inabaki imesimama na mizinga ya mvuke inaendelea kupiga, lakini wewe mwenyewe umefukuzwa duniani, huwezi kuroga lolote mpaka kanuni ya kurudi ikamilike.

Hapo ndipo mchanganyiko ulipopata maana. Mchezaji wa Master of Magic anaongoza dola mbili kwa wakati mmoja, moja ya vitu na moja ya nafsi, na kila moja inaweza kuanguka bila nyingine. Ushindi wa kichawi nao umefungwa kwa namna inayofundisha. Ipo kanuni moja kuu, inayowafukuza wachawi wengine wote ikikamilika. Lakini siku unapoanza kuiroga, wote wanajua na wote wanakugeukia. Bunduki bora inaweza kufichwa ghalani mpaka siku ya vita. Kanuni hii haifichiki. Sharti lake ni kwamba ujitangaze kuwa adui wa kila mtu kabla hujapata nguvu unayoitafuta.

Msomaji mwenye jicho la hesabu atapinga hapa. Atasema: sharti nalo ni tarakimu. Ndani ya kompyuta hakuna mwiko, kuna namba zinazopanda na kushuka, na kila unachokiita sharti kinaweza kuandikwa kama gharama. Pingamizi hili ni zito na lina nusu ya ukweli. Lakini mtu anayelipa nauli na mtu aliyewekewa nadhiri hawako katika hali moja, hata kama wote wawili wametoa shilingi elfu. Gharama inatoka mfukoni, na mwenye mfuko mnene haisikii. Sharti linagusa mwenendo: linakuambia uishi vipi, na utajiri haulinunui. Ushahidi uko ndani ya mchezo mmoja uliozaliwa mara mbili. Katika Age of Mythology ya mwaka 2002, kazi ya Ensemble Studios ya Texas, kila mungu unayemfuata anakupa muujiza mmoja, na unaweza kuutumia mara moja tu katika mchezo mzima. Fadhila za miungu nazo hupatikana kwa mwenendo: Wagiriki huzipata kwa kusali hekaluni, Wamisri kwa kujenga minara ya ukumbusho, watu wa kaskazini ya Ulaya kwa kupigana. Toleo jipya la mwaka 2024 lilibadilisha sheria ya muujiza: sasa unaweza kurudiwa, ukilipia fadhila zaidi kila mara. Ni mabadiliko yanayoeleweka, kwa kuwa wachezaji wengi walikuwa wakiutunza muujiza wao mpaka mechi inakwisha bila kuutumia. Lakini kilichotokea ni sharti kugeuzwa gharama, na hofu ya kukosea ikageuka hesabu ya akiba. Muujiza umekaribia mzinga kwa hatua moja.

Wengine walikwenda upande wa pili. Kampuni ndogo ya Uswidi, Illwinter, tangu mwanzo wa karne hii imekuwa ikitoa mfululizo wa michezo ya Dominions, yenye kanuni za uchawi mamia kwa mamia. Mojawapo ya njia zake ni uchawi wa damu. Mafuta yake ni binadamu, na hawapatikani kwa kuchimba. Mchawi lazima atumwe kwenye jimbo lako mwenyewe kuwasaka. Kila msako unaongeza machafuko katika jimbo hilo, na jimbo lenye machafuko halilipi kodi ipasavyo. Kwa hiyo dola inayochagua njia hiyo inabadilika tabia: inakuwa adui wa raia wake. Mfano wa pili ni Fall from Heaven II, mchezo ambao Derek Paxton na wenzake waliujenga kwa hiari juu ya Civilization IV. Wao hawakuukwepa mti wa Meier. Waliupanda, wakatundika juu yake kanuni za uchawi pamoja na ufuaji wa chuma. Kisha wakaongeza kipimo kimoja cha dunia nzima, kinachopanda watu wanapobomoa miji na kufuata ibada za giza, na kikifika viwango fulani maafa yanawashukia wote, hata asiyekosa. Mti ulikuwa palepale, lakini sasa baadhi ya matawi yake yalikuwa na deni, na deni lilikuwa la kijiji kizima. Mtu aliyelelewa kwenye jamii inayojua maana ya mmoja kuvunja mwiko na mvua ikakatika kwa wote hahitaji kuelezwa kanuni hiyo.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wenyewe wa michezo, na lina kesi yake mashuhuri. Mwaka 1999 kampuni ya New World Computing ilikuwa inaandaa nyongeza ya Heroes of Might and Magic III. Ndani yake ungekuwamo mji mpya ulioitwa Forge, wenye majeshi ya mitambo na silaha za kisasa katikati ya farasi wenye pembe na malaika. Mashabiki waliona picha na wakapandwa na hasira. Mji ukaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na mji wa viumbe wa moto, maji, hewa na udongo. Wengi wanaichukua kesi hiyo kama hukumu ya mwisho: uchawi na mashine havichanganyiki, asali na shubiri. Hukumu hiyo inasahau mwanzo wa ukoo huo. Might and Magic ya kwanza, ya mwaka 1986, inaishia kwa kumfunulia mchezaji kwamba nchi aliyoizunguka ni dunia iliyotengenezwa na kurushwa angani. Katika toleo la sita, la mwaka 1998, mashujaa wenye panga wanashika bunduki za miali kupigana na mashetani ambao kumbe ni wageni kutoka nyota nyingine. Wachezaji waliyapokea hayo kwa sababu yaligunduliwa taratibu, mwisho wa safari ndefu, na kila fumbo lilikuwa na njia yake. Mji wa Forge ulihukumiwa kabla mtu hajaucheza, kwa picha tu. Somo ninaloliona ni jembamba zaidi: mchanganyiko unaotangazwa kwa sura utahukumiwa kwa sura. Mwenye kuleta mazingaombwe asishangae watazamaji wakizomea.

Mwaka 2001 kampuni ya Troika ilitoa Arcanum, ambao ni mchezo wa kuigiza mhusika zaidi kuliko wa mikakati, lakini hakuna aliyelijibu swali letu waziwazi kuliko wao. Dunia yake imeingia katika mapinduzi ya viwanda huku wachawi bado wapo. Kanuni ni moja: mashine inategemea sheria za maumbile, na uchawi unazipinda sheria hizo, kwa hiyo kila kimoja kinakiharibu kingine. Mtu aliyezama kwenye uchawi akishika bunduki, bunduki inamkataa. Fundi mkubwa akirogwa, uganga haumshiki, na hata ule wa kumponya unampita. Mchawi hakaribishwi kwenye treni, kwa hofu ya injini kuzimika njiani. Uzuri wa jambo hili ni kwamba sharti limewekwa pande zote mbili, na teknolojia nayo, kwa mara ya kwanza, imepewa mwiko. Linganisha na Warhammer 40,000, ulimwengu ambao Games Workshop ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1987. Humo mafundi ni makuhani: wanafukiza ubani mbele ya mashine, wanaziombea, wanaamini kila bunduki ina roho. Ni ubunifu wa hali ya juu wa masimulizi. Lakini ukiziondoa hadithi ukabaki na meza, bunduki iliyoombewa bado inapimwa kwa inchi na dadu, na fundi asiyesali haadhibiwi na kanuni. Joho limehamia kwa mzinga, basi.

Wapo watakaomleta Arthur C. Clarke, aliyesema kwamba teknolojia iliyoendelea vya kutosha haiwezi kutofautishwa na uchawi. Msemo huo umenukuliwa mno na wabunifu, na mara nyingi unatumika kama ruhusa ya kutofikiri. Clarke alikuwa anamzungumzia mtazamaji, mtu aliyesimama nje asiyejua kitu kinavyofanya kazi. Mchezaji wa mikakati hasimami nje. Kazi yake yote ni kujua kitu kinavyofanya kazi, kinagharimu nini na kitamsaliti lini. Kwake yeye simu ya mkononi na hirizi havifanani hata kidogo: simu inafanya kazi kwa mwizi sawasawa na kwa mwenyewe.

Historia yetu ya Afrika Mashariki inalo jambo la kusema hapa, kwa kuwa imewahi kushuhudia mifumo hii miwili ikikutana bila meza wala dadu. Mwaka 1905, kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Mwishoni mwa Julai Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba ya serikali, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro, na mwisho wa mwezi huohuo wapiganaji waliliendea boma la Mahenge, wakapokelewa na bunduki za Maxim. Mbunifu anayelisoma tukio hili kijuujuu ataandika kinga dhidi ya risasi: asilimia sifuri. Lakini maji yalikuja na miko, miongoni mwake kutopora mali na kutolala na wanawake wakati wa vita, na miko hiyo ilifanya kazi ambayo bunduki haikuweza: iliwafunga katika nidhamu moja watu wa lugha na koo mbalimbali, kutoka Rufiji hadi Ungoni, ambao hawakuwahi kuwa na mfalme mmoja. Wanahistoria G. C. K. Gwassa na John Iliffe walilitilia mkazo jambo hilo la umoja, na Ebrahim Hussein akalifanya kiini cha tamthilia yake ya Kinjikitile mwaka 1969. Upande wa pili lilikuwapo jeshi lililokulia katika mapokeo ya Reisswitz, likiwa na silaha isiyomuuliza anayeishika kama amefunga au amekula. Maxim ilishinda, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Ukweli huo mchungu haufuti ule mwingine: nguvu zilizopambana zilikuwa za aina mbili, moja ikiishi katika chuma, nyingine katika mwenendo wa watu. Mchezo utakaozipa zote mbili safu moja ya umbali na madhara utakuwa umekosea historia kabla ya kukosea ubunifu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayekaa leo kubuni mchezo wenye waganga na mitambo ni huu: aanze na sharti. Aulize nguvu hii inamkataza nini mwenye nayo, inamfunga kwa nani, na inakwisha vipi akikosea. Mwali, moshi na ngoma vitafuata, na havitakosa msanii. Akianza na mwali atafika palepale walipofika Gygax na Perren, na atakuwa katika kundi kubwa. Dungeons & Dragons imeandikwa upya mara kadhaa tangu 1974, na wachawi wake wamepewa mamia ya kanuni; lakini fungua toleo la karibuni, la mwaka 2024, tafuta mpira wa moto, na utakuta bado unapimwa kama jiwe la mtambo: futi 20 kutoka katikati hadi ukingoni.